Korongo Nyuma ya Jiko la Mama Émérence

Kila wingu lilipopanda toka ziwani, Mama Émérence alibeba godoro akalipeleka kwa Mama Adrienne, jirani wa juu ya kilima. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na korongo. Mvua iliyopita lilimeza choo. Sasa lilikuwa linakuja nyumbani.

"Acha woga," mume wake Basile alisema. "Tulipanda miti pale. Muti njo unashika udongo."

Miti ile sisi majirani tunaikumbuka. Mkubwa mmoja wa serikali alikuwa apite Kalemie. Tukatolewa salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, tukaamriwa kupanda mikaratusi mdomoni mwa korongo, ili aione toka ndani ya gari. Akapita, akapunga mkono. Nani alirudi kuitunza? Hakuna! Mbuzi walikula nusu. Iliyobaki ilikwenda na maji.

Siku moja Papa Hippolyte, mwalimu wa kilimo, alikuja kununua ndakala, dagaa waliokaushwa anaouza Mama Émérence. Akalitazama korongo.

"Mama, maji ya mabati yako yanaenda wapi?"

"Yanashuka tu huko, Papa."

"Na ya Mama Adrienne?"

"Huko huko."

"Basi ninyi wenyewe njo munalilisha hili korongo."

Basile akakasirika. "Kwa hiyo miti haina kazi?"

"Iko na kazi kubwa. Mizizi inashika udongo, majani yanapunguza nguvu ya mvua. Lakini muti wa mwaka huu ni mutoto. Utabebesha mutoto gunia la muhogo? Kwanza tuchimbe mitaro ya kukata kilima kwa upana, maji yatulie, yaingie ardhini. Pembeni ya korongo tupande matete, yanashika haraka. Miti tuipande juu, tuizungushie miba. Na tusikate kuni pale, maana kupanda kidogo na kukata sana ni kazi bure."

"Na mikaratusi?" Mama Émérence akauliza.

"Mbali na kisima. Inakunywa maji kuliko vile Basile anakunywa pombe ya lutuku."

Mama Émérence alicheka mpaka akaangusha kapu la ndakala.

Tulichimba wote, Mama Adrienne mbele. Hakuna aliyetuamuru. Hakuna gari lililopita.

Matete yalipokuwa yamesimama, mvua kubwa ikaja mchana. Mama Émérence alikuwa mlangoni, godoro kichwani. Akachungulia nyuma ya jiko. Mitaro ilikuwa imejaa. Korongoni maji yalipita kidogo tu, polepole. Ukuta wa jiko ulikuwa mahali pake.

"Unangoja nini?" Basile aliuliza.

"Pokea godoro," alisema. "Ulirudishe kitandani."