Tone la Wazee

Ilianza na harufu ya karafuu bafuni, asubuhi kweupe, nyumbani kwa mwalimu mstaafu Leodegar, Kimara. Wengine wangekwambia ni marashi. Mie sidanganyiki kirahisi hivyo.

Leodegar alikuwa amesoma kitabu kikuukuu cha Kiingereza. Zamani, kumbe, Waingereza waliloweka karafuu, mdalasini na maganda ya machungwa kwenye pombe kali yenye sukari, wakaiita dawa ya moyo. Mgonjwa alinyweshwa kijiko baada ya mlo. Matajiri walitiliwa hata dhahabu iliyosagwa. Baadaye wazima nao wakanogewa, wakatupa kijiko wakashika glasi.

Moyo wa mkewe Benedicta ulikuwa unamsumbua, basi mwalimu akaitengeneza. Kabla ya kumpa, akamwaga tone sakafuni, kama wafanyavyo kwao Rombo kuwakaribisha marehemu wao kwa mbege, pombe ya ndizi.

"Wazee, karibuni."

"Watadhani umewamwagia dawa ya kikohozi," Benedicta akamtania.

Kesho yake asubuhi ndipo harufu ile ilipojaa bafuni, na baada ya chakula cha mchana kijiko kiligonga meno ya Benedicta, na hakuna aliyeshika kijiko. Leodegar akaimwaga chupa nzima chooni. Haikusaidia kitu, kila mchana kidevu cha mkewe kiliinuka chenyewe, ngozi ikibonyea kana kwamba vidole vimeishika, koo likimeza kisichoonekana, moyo ukimwenda mbio mpaka shuka linatikisika, hadi siku ya saba akashindwa kuinuka kitandani.

"Baba Stanley, mkono wake wa baridi," alimnong'oneza mumewe.

"Wa nani?"

"Usipaze sauti. Hajamaliza."

Akaitwa Bibi Filomena, mganga wa Kimakonde anayekaa Mabibo. Akanusa sakafu.

"Ulimkaribisha nani hapa?"

"Wazee wangu, bibi."

"Kwa pombe ya nani?"

Leodegar akamletea kile kitabu cha Kiingereza.

"Wa kwenu hawaijui, hawakuitika. Kaitika mwenye pombe yake. Tabibu wa Kiingereza huyo, kafa zamani na hajui kwamba kafa. Hamwachi mgonjwa mpaka apone au azikwe. Mama, muage."

Benedicta akageukia upande wa kitanda usio na mtu. "Nimepona, daktari. Asante. Nenda."

Harufu ikapungua, ikapungua, ikaisha. Benedicta akaketi, akaomba uji.

Leodegar akacheka huku machozi yanamtoka, akajishika kifua. "Jamani, Mama Stanley! Moyo wangu ulitaka kupasuka!"

Bibi Filomena akamrukia amzibe mdomo. Kachelewa. Kidevu cha mwalimu kilikuwa kinainuka, taratibu.