Filta ya Kukoleza Wekundu

Picha ilikuwa ya kiti kitupu, na kwenye kiti hicho kitupu kulikuwa na pindo la gauni jekundu.

Mzee Fleshi aliipeleka dirishani, akaifuta kwa leso. Pindo liko pale pale. Alikuwa anajaribu tu filta aliyoikuta kwenye mkoba wa mtumba, kioo chembamba cha kufunga mbele ya lenzi ili nyekundu ikolee. Na filta ya aina hiyo, kwa taarifa yako, haiongezi kitu. Inazinyang'anya rangi nyingine mwanga wake, ndipo nyekundu inang'aa. Lakini studio nzima hakikuwamo kitu chekundu.

Gauni alilijua. Lilikuwa la marehemu mkewe. Na hapa ndipo unapotamani kumzaba kibao huyu mzee: kapiga harusi za mji mzima, maharusi, mashemeji, mpaka keki, lakini mkewe hakumpiga picha hata moja. "Kesho, mama watoto, leo nina wateja." Sasa anakula peke yake, anabishana na redio, na sura ya mkewe inamfutika kichwani kila siku.

Akapiga tena. Picha ya pili, mgongo. Ya tatu, bega. Kila akipiga, mwanamke anageuka kidogo. Studio ikaanza kunukia marashi yake, na mchana kweupe, mlango umefungwa, kiti kikawa kinalia kama mtu anayejiweka sawa. Aliogopa, tusidanganyane. Ila upweke ulimzidi.

Jumamosi akaja binti yake wa pekee. "Baba, hamia kwangu. Unakaa humu kama mlinzi wa ghala!"

"Kaa kwanza nikupige picha, mwanangu," alisema, maana kosa alilomfanyia mkewe hakutaka kulirudia. Akampiga kwenye kiti kile kile. Filta alisahau kuifungua. Hakuna mpigapicha ambaye hajawahi kusahau.

Jumatatu simu ikalia. "Baba, midomo yangu imekuwa myeupe. Kucha pia. Daktari anasema damu inapungua, haoni inakokwenda."

Fleshi aliangalia picha za asubuhi hiyo. Gauni lilikuwa linawaka, na mwanamke amebakiza kugeuka kidogo tu, picha moja, uso wote uonekane, na kidole cha mzee, Mungu amsamehe, kilishabonyeza kamera kabla akili haijafika, na akili ilipofika akanusa yale marashi shingoni kwake, akasikia pumzi ikivutwa taratibu nyuma ya sikio lake, akaelewa wekundu ule ulikuwa unanyang'anywa nani.

"Wewe si mke wangu," alinong'ona. "Wewe ni jini."

Aliifungua filta, akaiponda kwa nyundo sakafuni mpaka ikawa unga. Uso wa mkewe ndio huo umekwenda, hatauona tena. Alilia kama mtoto.

Simu ikalia. "Baba! Nimepona ghafla, huwezi kuamini! Nakuja kukuchukua leo hii."

Alhamdulillahi! Akacheka, akapangusa machozi, akausafisha mkanda wa mwisho ili amuage aliyekuwa kwenye kiti, awe awaye. Picha ilipokauka akaileta kwenye mwanga.

Ndani ya gauni jekundu alikuwa binti yake. Midomo myeupe, viganja vyote viwili amevibandika mbele yake kama aliyefungiwa nyuma ya dirisha, mdomo wazi. Ulikuwa unaita baba.

Majini hayana sura ya kwao. Huazima.

Hatua zikapanda ngazi, bila haraka. Marashi yalitangulia kufika. Fleshi alipiga magoti, akaanza kukusanya unga wa kioo kwa viganja, vidole vikichanika, anajaribu kuunganisha kisichounganika.

Kitasa kikazunguka.

"Fungua basi, baba," ilisema sauti ya binti yake. "Hutakaa peke yako tena."