Chupa ya Kalamu ya Profesa

Kila asubuhi, kabla ya kengele, tulipitia chumba cha sayansi kuangalia mifugo yetu. Wengine hufuga kuku. Sisi tulifuga planktoni, viumbe wa baharini wadogo sana hata huwezi kuwaona bila hadubini. Kila mwanafunzi alikuwa na chupa mbili dirishani. Katika ya kwanza alikuza mwani mdogo mno, mwekundu, unaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Katika ya pili aliishi mlaji wa mwani huo, na kazi yetu ilikuwa kumlisha matone ya mwani.

"Huyu mlaji ni mwizi," Mwalimu wa sayansi alituambia siku ya kwanza. "Akiumeza mwani, hausagi wote. Ndani ya mwani mna plastidi, vile visehemu vinavyofanya usanisinuru. Hizo anazibakiza mwilini na kuzitumia kama zake, naye akawa mwekundu, akajipatia chakula kwa jua. Lakini..."

Profesa hakuisikia hiyo "lakini". Profesa ni jina alilojipa mwenyewe mwanafunzi mwenzetu huyu, maana hakuna mwingine ambaye angempa. Alikuwa mtu wa kusikia nusu ya somo na kufundisha somo zima.

"Kwa hiyo wakishakuwa wekundu wanajilisha wenyewe," alitutangazia wakati wa mapumziko. "Nyie hangaikeni tu. Mimi mwani wa nini?"

Akaumwaga mwani wake kwenye sinki, akaiosha chupa, akatia kalamu zake. Sisi tulioendelea kulisha alituita wachunga mbuzi, na kila alipopita nyuma yetu alilia "mee!" Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye.

Aliyeandamwa naye zaidi ni jirani yake wa dirishani, msichana tuliyemwita Kibiriti kwa hasira zake za kuwaka haraka. Kibiriti aliisogeza chupa yake kufuata jua, akaitikisa polepole, hata mwani wake ukakolea kuliko wa wote. Alitaka kitu kimoja tu: achaguliwe kusimamia hadubini siku ya wazazi. Mama yake, fundi cherehani, hakuwahi kupata nafasi ya kufika shuleni, na safari hii alikuwa ameahidi kuja.

Haukupita muda, viumbe wa Profesa wakaanza kupauka. Ile "lakini" ndiyo hiyo: plastidi za wizi huchakaa, na mwizi hawezi kujitengenezea mpya milele. Lazima ale tena. Angeuliza, angeambiwa. Lakini kuuliza kungeonyesha kwamba hajui, na Profesa aliona afadhali augue kuliko kuuliza. Akangoja tutoke kucheza, akanyonya mwani wa Kibiriti kwa kidondoshi, akawapa viumbe wake. Kisha, ili wizi usionekane, akaijaza chupa ya mwenzake kwa maji ya bomba. Alirudia mchezo huo mpaka wake wakawa wekundu tena.

Mwani wa Kibiriti ukawa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Msichana akalia mbele yetu sote.

"Uvivu huo," Profesa akamwambia. Bila haya! Mimi niliyekuwa karibu nilitamani kumpiga kofi.

Siku ya kuchagua ilipofika, Mwalimu aliishika chupa ya Profesa akaitazama kwenye mwanga. "Wamependeza. Wanakula nini?"

"Hawali, Mwalimu. Wanajilisha kwa jua."

"Na mwani wako uko wapi?"

Profesa akajisogeza kuificha chupa ya kalamu. Macho ya Mwalimu yalikuwa yameshafika kwenye kalamu. Akageukia chupa ya Kibiriti, akatumbukiza kipimo cha chumvi, akakunja uso. "Humu mmetiwa maji ya bomba. Ni wewe, Kibiriti?"

"Mimi? Niwatilie viumbe wa bahari maji ya bomba? Mwalimu, hata mtoto wa chekechea hafanyi hivyo!"

Sote tukamgeukia Profesa. Njia ya mwongo ni fupi. Yake iliishia kwenye sinki. Alikiri kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake.

Mwalimu aliangalia kwa hadubini, akakuta mwani kidogo ungali hai. Akamwamuru Profesa auhamishie kwenye maji safi ya bahari na kuuhudumia kila siku, Kibiriti akimsimamia.

"Ukiugusa mimi sipo, nitakung'ata," Kibiriti alimwambia. Wala hakuwa anatania.

Siku ya wazazi mwani ulikuwa umekolea tena, na Kibiriti ndiye aliyechaguliwa kusimamia hadubini. Mama fundi aliinamia hadubini kwa muda mrefu. "Mwanangu, huyu mwekundu anayezunguka ni nani?"

"Mwizi, mama. Hiyo rangi si yake."

Profesa, aliyeshika ndoo ya maji ya bahari pembeni, alitazama viatu vyake.

Wageni walipoondoka, Mwalimu akamwita. "Mtegemea cha nduguye hufa maskini," alisema. "Kuomba msaada si aibu, aibu ni kuiba na kumcheka uliyemwibia. Kiumbe huyu simlaumu, ndivyo alivyoumbwa. Hakupewa chupa ya kukuzia mwani. Wewe ulipewa, ukatia kalamu."