Hapa Kuna Mtu

Baba mkwe wangu, Mzee Simion, ana kofia moja tu ya kutokea. Ni ya kijivu, na nondo wameila pembeni. Oktoba ile nilikuwa zamu ya mchana kazini, kwa hiyo asubuhi nilikuwa nyumbani na niliyaona yote.

Kila ilipofika saa tatu, alivaa kofia. Alifunga vifungo vya koti. Alichukua mfuko wake, akasimama dirishani, ghorofa ya tatu, akaangalia barabarani. Basi la umeme lilifika kituoni, moja ya yale mabasi yetu ya hapa mjini Kishinau yanayoshika waya juu. Watu walishuka, watu walipanda, basi likaondoka. Mzee alivua kofia, akaitundika msumarini, akakaa.

"Baba, huendi leo?"

"Miguu, Viorica. Miguu leo haitaki."

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Na keshokutwa. Wiki tano!

Alikokuwa haendi ni kwa mke wake. Mama Agafia alipata kiharusi mwezi wa nne. Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi, na maneno yake yakabaki machache. Jengo letu halina lifti. Mume wangu Anatol yuko Italia, anajenga nyumba za watu. Mimi peke yangu nisingeweza kumbeba. Tukampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwisho kabisa wa mji. Wale wawili walikuwa wameishi pamoja miaka arobaini na sita. Mwanzoni Mzee alikwenda kumwona kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, hata mvua inyeshe. Kisha ghafla akaacha.

Chini ya jengo kuna mzabibu. Mama Agafia aliupanda mwenyewe alipokuwa kijana, nao umepanda mpaka dirishani kwetu. Zabibu zote tulikuwa tumeshavuna. Kilikuwa kimebaki kichala kimoja, na nyigu walikuwa wakikizunguka.

"Baba, nikikate hicho?"

"Kiache. Hicho cha Agafia."

"Kitaoza! Si umpelekee?"

 Alikiangalia tu kile kichala, na macho yake yalikuwa mekundu.

Nitasema ukweli. Nilimkasirikia. Nilisema moyoni, wanaume bwana! Mke akiugua kidogo, tayari wamechoka. Na mimi je? Mimi pia sikwenda. Jumapili zote tulikuwa tunafanya kazi ya ziada kiwandani. Nilipiga simu, muuguzi akaniambia Mama anaendelea vizuri, nikaridhika.

Jumamosi moja mchana nilikuwa napika mamaliga, ule ugali wetu wa njano. Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yetu Bi Zina. Ni kondakta wa mabasi ya umeme mwaka wa ishirini na mbili sasa. Sauti yake ukiwa ghorofa ya kwanza unaisikia.

"Mzee yuko wapi?"

"Kalala. Karibu, Bi Zina, kaa ule."

"Sikuja kula," alisema, akavuta kiti, akakaa, akamega jibini. "Nimekuja kuuliza. Wiki tano simwoni kwenye basi langu. Bado ana hasira?"

"Hasira za nini? Anasema miguu."

Bi Zina aliacha kutafuna. "Kumbe hakukwambia."

Akanieleza. Siku ya mwisho Mzee kupanda, basi lilijaa. Mzee alipanda na mtungi wa supu, kampikia mke wake. Viti vyote vilikuwa na watu, isipokuwa kimoja. Kwenye hicho palikuwa na mkoba. Mzee akauliza, hapa kuna mtu? Mwanamke wa kiti cha pembeni akajibu, kuna mtu, anapandia mbele. Mzee akasimama. Mlango ulikuwa umezibwa na mwanamume mwenye begi kubwa mgongoni, hataki kusogea ndani. Kila akigeuka, begi linampiga mzee kifuani. Dereva akafunga breki. Mzee akaanguka, supu ikamwagika sakafuni.

"Na watu?" niliuliza.

"Mmoja alicheka. Mwingine alikuwa anacheza muziki kwenye simu, hata hakuuzima. Na yule mama wa mkoba akasema, 'Jamani, babu, si ukae nyumbani? Asubuhi hii unatafuta nini humu?' Mimi nilikuwa nyuma kabisa nakata tiketi. Nilipofika nilimkuta anaifuta supu kwa kofia yake."

Kwa kofia yake! Machozi yalinitoka. Kisha hasira ikanipanda.

"Mwanamke gani huyo asiye na haya? Ningekuwepo mimi, ungeniona! Ningemrushia huo mkoba dirishani!"

Bi Zina alinitazama.

"Viorica, usikasirike. Mwanamke kama wewe."

"Kama mimi?"

"Mwezi wa tisa nilipanda basi lenu, natoka zamu. Ulikuwa umeweka mfuko kwenye kiti. Bibi mmoja akakuuliza, ukamjibu, 'Kuna mtu.' Wala hukumwangalia usoni."

Nilihisi joto mpaka masikioni. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nafanya hivyo kila siku ya kazi. Rafiki yangu Galina anapanda vituo vinne baada yangu, nami namshikia kiti.

"Lakini kiwandani tunapiga pasi nguo, Bi Zina! Kwa muda wa saa tisa tumesimama! Galina ana mishipa iliyovimba miguuni. Na kila mtu anafanya. Mama yangu alikuwa anawashikia viti wanawake wa jengo zima. Ni wema huo!"

"Kwa Galina ni wema. Na kwa yule bibi?"

 Mamaliga ikaanza kuungua, nikaiepua.

"Sikiliza," alisema, na safari hii kwa sauti ya chini. "Kiti ndani ya basi si chako wala cha Galina. Ni cha aliyesimama. Akija Galina na miguu yake mibaya, kama wewe mzima, inuka umpe cha kwako. Hapo ndipo utakuwa umemfanyia wema, kwa sababu umetoa kilicho chako. Mfuko weka mapajani. Begi la mgongoni livue, liweke chini katikati ya miguu. Ukishapanda, songa ndani. Waache wanaoshuka washuke kwanza. Simu yako isikilize mwenyewe, sisi wengine tuna mawazo yetu."

"Na dirisha?" nilisema, nikijaribu kutania. Kwetu watu wanagombana juu ya dirisha kuliko jambo lolote. Kila bibi anaamini upepo wa dirishani utamuua.

"Dirisha uliza kwanza!" akacheka. "Uliza, 'Nikifungua nitakuudhi?' Neno moja tu, na vita vimekwisha."

"Na mtu akitukanwa, kama Baba?"

"Usimwache peke yake. Hapo ndipo wengi tunakosea. Tunaangalia nje kana kwamba hatujaona. Huna haja ya kupigana na mkorofi. Nenda kasimame karibu na aliyeonewa. Ongea naye. Mpe kiti. Mwite kondakta. Aliyeanguka siku ile hakuumia sana mwili. Kilichomuuma ni kwamba basi lote lilinyamaza."

Tuligeuka. Mzee Simion alikuwa amesimama mlangoni, soksi tu miguuni. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi.

"Zinaida," alisema, akimwita Bi Zina kwa jina lake kamili, "umekuja kunitangaza?"

"Nimekuja kukurudisha kwenye basi langu, mzee."

"Sirudi. Waliniambia nikae nyumbani. Nimekaa."

"Na Agafia?"

Mzee alishika fremu ya mlango. "Namtamani," alisema. "Kila siku namtamani. Usiku napeleka mkono upande wake. Lakini nikiliona basi, miguu inakataa. Sisemi uongo, Viorica. Inakataa kweli."

Nililia mbele yao wote wawili. Nilimwambia, "Baba, mimi pia huwa nasema kuna mtu. Mimi pia. Nisamehe." Alivuta kiti, akakaa mezani. Kisha akaniuliza kama mamaliga imeungua.

Jumatatu nilipanda basi, mfuko wangu ukiwa mapajani. Kituo cha pili akapanda mwanamke mwenye ndoo ya matufaha. "Hapa kuna mtu?" Nikasema, "Hakuna, mama, kaa." Alikaa akashusha pumzi ndefu.

Kituo cha nne akapanda Galina. Macho yalimtoka.

"Shoga! Kiti changu kiko wapi?"

"Kaa changu," nilisema, nikainuka.

"Umegombana na nani wewe? Unaumwa?" Watu wakacheka. Nilimweleza habari za Baba nikiwa nimesimama, nimeshika chuma juu. Galina aliupokea mfuko wangu, akaupakata. Kisha akasema, "Nusu njia nikae mimi, nusu ukae wewe." Mpaka leo tunafanya hivyo.

Jumatano usiku Mzee aliniambia, "Kesho nitajaribu." Alhamisi niliomba ruhusa kazini. Bi Zina alikuwa ametushauri tupande saa nne, watu wakiwa wachache, mlango wa kati, yeye atakuwa hapo. Mzee alivaa kofia. Alikikata kile kichala kwa mkono wake, akakifunga katika karatasi. Nusu ya zabibu zilikuwa zimesinyaa.

Kituoni aliponiona namshika mkono, aliutoa. "Mimi si mtoto." Lakini basi lilipofika, alinishika mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Waacheni washuke kwanza!" Bi Zina alipaza sauti. "Haya, mzee, panda. Polepole. Hatuondoki bila wewe."

Tulipanda. Na unajua tuliona nini? Viti vimejaa, kimebaki kimoja, na juu yake mkoba mwekundu. Pembeni yake msichana, uso kwenye simu. Nilimsikia Mzee akivuta pumzi. Nilifungua kinywa, nilitaka kumpasua yule msichana kwa maneno. Bi Zina alinifinya kiwiko. 

Mzee alivua kofia.

"Binti," alisema, "naomba nikae. Miguu yangu haina nguvu. Nakwenda kumwona mke wangu."

Alisema kwa sauti, basi lote likasikia. Msichana aliinua uso, akawa mwekundu kama mkoba wake.

"Samahani, babu. Sikukuona. Kaa, kaa hapa."

Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Njoo hata huku, mzee, nami nashuka." Mwanamke mwingine akasogeza mguu wake ili apite. Mzee alikaa. Alikumbatia zabibu zake, akatazama nje njia nzima, na mimi nilisimama karibu naye.

Kule kwenye nyumba ya wazee muuguzi alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu. Alipomwona Mzee alipiga makofi.

"Wewe ndiye Simion? Afadhali umekuja! Tumeteseka na kiti chako."

"Kiti gani?"

Alitupeleka. Mama Agafia alikuwa dirishani, amepungua, nywele zimechanwa vizuri. Kando yake kulikuwa na kiti cha mbao. Juu ya kiti alikuwa ametandika shali yake.

"Wiki tano hakuna anayekikalia," muuguzi alisema. "Daktari akija, anasimama. Padri alikuja, akasimama. Maneno yake yamebaki machache, lakini hayo anayasema vizuri kabisa. Jaribu, uone."

Nilisogea. Niliweka mkono kwenye mgongo wa kile kiti. Mama Agafia aliupiga mkono wangu kwa mkono wake mzima.

"Kuna mtu," alisema.

Ee Mungu wangu. Nilirudi nyuma nikaegemea ukuta.

Mzee Simion alikwenda taratibu. Aliichukua shali, akamfunika mabegani. Alikaa. Mama alimtazama tangu kofia hadi viatu, na midomo yake ikahangaika kutafuta neno.

"Umechelewa," alisema.

"Basi lilijaa, Agafia."

Alifungua karatasi. Akachagua zabibu zile nzuri, moja moja, akamlisha. Zile zilizosinyaa alikula yeye.

Sasa Mzee anakwenda Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa nne, mlango wa kati. Akikosa kiti anaomba, na akiomba anapewa. Jumapili nakwenda naye, kazi ya ziada nimeikataa. Kofia ile nilimfulia, lakini doa la supu halijatoka.

Mimi bado napanda basi langu kwenda kupiga pasi. Mfuko uko mapajani. Watu hawajui habari zetu, wananiuliza kama kawaida, "Dada, hapa kuna mtu?"

Nawajibu, "Ndiyo, ni wewe. Kaa."