Mwenye Chumba cha Ghorofa ya Tatu

Taa ya mapokezi ilimzimikia Asia akiwa amekaa chini yake, anamwandikia mteja risiti. Akapunga mkono. Haikuwaka. Mteja alipojisogeza tu kwenye kiti, ikawaka.

"Mwambie mumeo aje aitazame," mteja akacheka. "Imekukataa."

Mumewe, Luqmani, ndiye aliyefunga mitambo yote ile. Jengo hilo la biashara katikati ya mji wa Morogoro lilikuwa linakula umeme kama mwali anayenenepeshwa, hata mwenye jengo, Bi Maimuna, akamwita mhandisi. Luqmani akaweka darini vitambuzi vinavyohisi joto la mtu: penye mtu taa na viyoyozi vinafanya kazi, pasipo na mtu vinalala. Jioni, gridi inapoelemewa, jengo linapata taarifa na kujipunguzia matumizi lenyewe. Kazi safi, hilo simnyimi.

Ila ghorofa ya tatu palikuwa na chumba kitupu ambacho taa yake iliwaka kutwa kucha, miaka nenda miaka rudi.

"Hiyo usiiguse, mwanangu," Bi Maimuna alimwambia. "Tulipochimba msingi tuliziba chemchemi. Jini mwenye chemchemi akadai chumba na mwanga. Marehemu mume wangu akakubali."

"Sawa, bibi," Luqmani akajibu, kisha akaiunganisha na mfumo kama taa nyingine. Chumba hakina mtu, taa ikazimika. Msomi wetu akajipongeza. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tangu siku ile ya mapokezi, hakuna taa iliyomtambua tena Asia. Alivaa sweta mchana wa jua kali, na chai ya moto ilipoa mdomoni mwake. Luqmani alibadilisha vitambuzi vyote, asipate dawa. Na kule juu, mfumo ulionyesha kuwa chumba kitupu kina mtu.

Jioni moja, maduka yakiwa yameshafungwa, gridi ikaelemewa, jengo likajizima kama lilivyofundishwa, na Luqmani, aliyekuwa anamshika mkewe mkono wateremke ngazi, akasikia maji yakipita ndani ya ukuta usio na bomba, akanusa tope na ubani uliolowa, akaona mwanga ukitokeza chini ya mlango wa chumba kile, chumba hicho tu katika jengo zima, na kila mwanga ulivyozidi ndivyo vidole vya Asia vilivyozidi kupoa kiganjani mwake, mpaka akawa hajui kama ameshika mkono au ameshika chuma cha ngazi.

"Luqmani," Asia akanong'ona, "kuna mtu anavuta pumzi zangu."

Nikisema Luqmani aliogopa nitakuwa namsitiri. Alilia.

Bi Maimuna hakumsimanga. Alimwita Shamimu, mganga wa Matombo, mwanamke wa maneno machache. Shamimu akafukiza ubani mbele ya mlango, akasema na jini kwa Kiluguru, akatega sikio muda mrefu.

"Ahadi ilikuwa mwanga," alisema kwa sauti ya chini. "Mmemnyima, akaenda kuchukua joto kwenye nyumba ya aliyezima. Rudisheni taa, isiwe na swichi. Atatulia."

"Na joto la mke wangu?"

"Alichokula hakitapiki. Anakubali kubadilishiwa tu."

"Achukue langu," Luqmani akasema, kabla Asia hajawahi kumziba mdomo.

Taa ya chumba ilirudishwa. Asia sasa anatoka jasho kama watu wote, na taa zinamwakia. Usiku humfunika mumewe mablanketi mawili, akamkumbatia, akalia kimya kimya kwa sababu mwili wa Luqmani haupati joto hata chembe. Wakienda benki, kwenye ule mlango wa kioo unaojifungua wenyewe, yeye hutangulia ili na mumewe apate kupita.

Juzi alitangulia, mlango ukajifunga nyuma yake. Akageuka. Nje ya kioo macho yake nayo hayakumwona mtu, na sauti ya Luqmani, palepale mlangoni, ilikuwa inamwomba amfungulie.