Lulu Zilizobambuka

Wanajamii wenzangu, nina habari za jirani yangu tuliyemwita Bwana Upesi, na msinitake nimhurumie.

Nyumba yake ilikuwa na raha. Mkewe alikuwa fundi wa lulu. Asubuhi aliketi kibandani kando ya ghuba, akamfungua chaza kidogo tu kwa kabari, akamtilia kipunje cha gamba kilichochongwa mviringo, kisha akamrudisha majini ndani ya kikapu cha wavu. Chaza hukivika kipunje kile utando wake, tabaka juu ya tabaka, hadi kiwe lulu. Sonara wa mjini alinunua mavuno yote ya mama yule bila kuyakagua, kwa kumwamini tu, na imani hiyo ndiyo iliyolisha nyumba.

Na mume je? Kazi yake ilikuwa kuitwa bosi. Maji ya bahari aliyajua kwa kuyatazama. Lakini shamba la chaza lilikuwa kwa jina lake, kwa hiyo neno lake ndilo lililopita. Siku shemeji yake alipopita na gari jipya, usingizi ulimruka. Akaagiza vipunje vikubwa kuliko vya kawaida, ati lulu zinenepe upesi. Mnaiona akili hiyo? Ni kumvika mtoto koti la babu yake ukadai amekua. Tena, kabla msimu wa baridi haujaingia, akaamuru vikapu vitolewe.

"Baba watoto, hawa bado," mkewe alimwambia. "Utando wenyewe mwembamba kama ganda la kitunguu. Maji yakipoa ndipo wanang'arisha. Wape msimu huu mmoja tu."

"Chaza ndiye kakwambia? Ana mdomo?"

"Basi tuwafungue taratibu wasife, tuwapandikize tena."

"Taratibu, taratibu! Kateni! Hapa tunauza lulu, hatuuguzi makonokono."

Vibarua wakakata. Chaza wote wakafa, na mavuno ya kesho yakafa nao. Lulu zilimwagwa mezani, kubwa, zinameremeta, na Bwana Upesi akacheka mpaka gego la mwisho likaonekana. Akazipeleka mwenyewe kwa sonara. "Mama watoto anakusalimu," alisema. "Anasema hajawahi kutoa nzuri kama hizi."

Mwongo mkubwa! Uvivu wake ningeuvumilia, lakini kuiba jina la mkewe, hapana. Namdharau, na sioni haya kusema.

Haukupita muda mrefu, sonara akaja. Alimkuta mama anashona wavu.

"Dada, nilikuamini," alisema. "Bibi harusi kavaa mkufu wako, jasho limemtoka, lulu zimebambuka mbele ya wakwe zake. Kaingia na lulu, katoka na gololi!"

Mama aliichukua moja, akaikwaruza kwa ukucha. Utando ukatoka, kipunje kikabaki cheupe kama jino.

"Si mimi niliyezileta hizi, kaka."

"Zimekuja kwa jina lako."

Bwana Upesi alikuwa wapi? Chooni, mlango umekomewa. Simba wa kufokea chaza alimwacha mkewe amezwe na aibu peke yake. Sonara alimwaga mfuko wa lulu barazani akaenda zake, na masonara wenzake wakazipata habari. Tangu hapo hakuna aliyenunua chochote kutoka kwa mama yule.

Leo mama ni kibarua katika shamba la jirani. Lulu anazotia kwa mkono wake ni safi kama zamani, ila zinauzwa kwa jina la mwingine, kwa sababu la kwake likitajwa wanunuzi wanaondoka.

Juzi nilipita kwao. Bwana Upesi amekaa barazani, na binti yake mdogo anacheza gololi na zile lulu. Akainua moja.

"Baba, hii bado ina rangi kidogo. Nikuwekee?"

Baba akatazama pembeni.

FUNZO

Wote tunajua kuimba kwamba haraka haina baraka, kisha tunakimbia. Ubora ni muda. Ukiupunguza muda, unachouza ni kipunje kilichopakwa rangi, na jasho la siku moja litakuumbua. Na wewe unayefunika tamaa yako kwa jina jema la mwenzako, jua kwamba chaza wapya wanapatikana baharini, lakini jina la mkeo hutalivua popote.