Feni ni ya Watu wa Mombo

Ndugu zangu wa Magamba na Kwai, haya yalitokea mbele ya macho yangu, nami nayasimulia kwa sababu nina sehemu yangu ya lawama.

Asubuhi ile ya Machi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya msitu. Nilipita kwa jirani yangu Twaha. Mkewe, Shamsa, alikuwa akichagua mbegu za maharage kwenye ungo. Binti yao Hidaya, wa miaka minne, alikuwa akijaza maharage mdomoni na kuyatema mojamoja ili mama yake acheke. Twaha alikuwa akifuta vioo vya gari lao dogo.

Gari lile lilikuwa na kasoro moja, na sote tuliijua. Miaka miwili nyuma Twaha alichomoa waya wa feni ya rejeta na kuufunga pembeni kwa kamba ya manila. Aliamini kwamba kwa baridi yetu feni inaichelewesha tu injini kupata moto. Fundi alipomwonya, alijibu, "Fundi, feni ni ya watu wa Mombo, huko bondeni kwenye joto. Sisi Mungu ametupa feni ya bure!" Tukacheka. Nami nilicheka.

Gari likikimbia, upepo wa mbele huyapoza maji ya rejeta. Likienda polepole upepo huo haupo, na feni ndiyo hushika kazi. Twaha alikuwa hajawahi kukwama kwenye foleni.

Hidaya alicheka na maharage mdomoni. Mara akapaliwa. Alikohoa hadi macho yakamtoka, kisha pumzi yake ikaanza kupiga mluzi. Tukamkimbiza kituo cha afya.

"Haragwe limeingia kwenye njia ya hewa," alisema daktari wa pale. "Hapa sina kifaa cha kulitoa. Mpelekeni Tanga sasa hivi, maana huko ndani kuna unyevu, litavimba. Akae wima, asitikiswe. Pikipiki, hapana."

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda na mgonjwa mwingine. Twaha akaleta lake. Niliketi nyuma na Shamsa, Hidaya mapajani mwake.

Tulipita Soni salama. Mbele yake udongo ulikuwa umeporomoka, na magari yakipita kwa zamu kwenye njia moja, ukuta wa mlima huku, korongo kule. Tulisogea hatua, tukasimama, tukasogea tena. Joto la bondeni lilishaanza kutupanda. Mshale wa joto ukafika juu kabisa. Katikati ya ile njia nyembamba mvuke ukafumka chini ya boneti, na Twaha akalazimika kuzima injini. Walio mbele wakaenda zao. Walio nyuma hawakuweza kutupita.

"We mzee!" mtu alipiga kelele. "Hiyo chai ikiiva utugawie!"

Twaha alivua shati, akalizungushia kifuniko cha rejeta. Msichana mmoja aliruka kutoka kwenye lori la kabichi nyuma yetu, akamshika mkono.

"Shikamoo baba. Usifungue."

"Marahaba. Niache! Kamwambie dereva wako alete maji."

"Dereva ni mimi. Naitwa Loveness, wa Mgwashi. Ukifungua sasa yatakurukia usoni. Utaendesha bila macho?"

"Mwanangu anakufa!"

"Ndiyo maana nakuzuia." Aliinama, akachungulia. "Waya wa feni uko wapi?"

Twaha aliliondoa shati kwenye kifuniko.

"Mwambie," Shamsa alisema kutoka ndani ya gari, hakupaza sauti. "Mwambie ulivyoufunga."

Loveness aliikata ile manila. Kichwa cha waya kilikuwa kimeliwa na kutu, basi akaleta nyaya mbili kutoka kwenye lori, akaiunganisha feni na betri moja kwa moja. Haikuzunguka. Aliigonga kwa mpini wa spana, mara moja, mara mbili. Ikakoroma, ikazunguka.

"Sasa tungoje ipoe."

"Tungoje!" Twaha alishika kichwa.

Tulingoja. Nilihesabu pumzi za Hidaya. Mluzi ulizidi kuwa mwembamba. Mara moja ulikatika kabisa, Shamsa akalitaja jina la mtoto, ukarudi. Yule aliyetaka chai aliposikia habari hakutania tena. Alichukua koleo na wenzake, wakakwangua tope mbele yetu. Baada ya dakika ishirini Loveness alilegeza kifuniko taratibu, injini ikawashwa, akamimina maji kidogo kidogo. Mshale ukashuka.

"Nenda, baba. Na usiizime mpaka hospitali."

Tanga walilitoa lile haragwe. Lilikuwa limevimba maradufu, ganda limepasuka. "Lilibakiza upenyo mdogo sana," daktari alisema. Twaha alilitazama, akaketi sakafuni.

Hidaya sauti ilimkauka wiki tatu. Sasa haingii kwenye gari kabla ya kusimama mbele ya boneti na kuuliza, "Baba, feni inazunguka?" Na Twaha, aliyewahi kumcheka fundi mzima, humfungulia akaione.

FUNZO

Tusifungie kando kifaa cha usalama kwa sababu jana hatukukihitaji. Gari linaloenda vizuri kwetu kwenye baridi siku moja litashuka bondeni, na siku hiyo huenda likawa limembeba mtoto. Fundi akituonya, tumsikilize. Nasi majirani, tukiona uzembe, tuuseme. Kicheko changu kilimsaidia Twaha kuikaza ile kamba.